UZI: Chama chetu kidogo cha kusaidia Waukraine hapa Kraków, na kuna kitu nawaomba watu wa Tengeru, Kidugala na Ifunda

Binti_wa_Tengeru

Wakuu habari za usiku, uzi huu ntauandika kwa mafungu maana niko kazini shifti ya usiku, natunza wazee, kengele ya chumba ikilia naweka simu chini naenda, mkiona nimekatiza katikati mjue ntarudi.

Mimi ni mzaliwa wa Tengeru pale Arusha, huku Kraków kusini mwa Poland naelekea mwaka wa tisa, nilikuja kusoma nikabaki. Tangu Machi 2022 niko kwenye chama cha kujitolea cha amani na kusaidia Waukraine, na nikisema kidogo ni kidogo kweli, tulianza kumi na nne leo tumebaki tisa, ofisi hatuna, kila Jumamosi tunatumia ukumbi wa chini wa parokia moja na stoo yetu ni gereji ya mwenzetu. Jina la chama siliweki hapa kwa sababu sijaja kuomba hela. Ombi langu ni la aina nyingine, ila bila kuwaeleza yaliyotangulia hamtalielewa.

Vita kubwa ilianza alfajiri ya Alhamisi tarehe 24 Februari 2022. Jumapili yake mimi na wenzangu wawili wa kazini tukapanda treni kwenda Przemyśl, mji mdogo wa mpakani, kama masaa matatu hivi kutoka hapa. Kwa nini Przemyśl, kwa sababu reli za Ukraine zina upana wa milimita 1520 na za Poland ni 1435, kwa hiyo treni ya kutoka Kyiv au Lviv ikifika pale imefika, wote wanashuka wanatafuta treni nyingine, kama mizigo ya TAZARA inavyohamishwa pale Kidatu kuingia reli ya kati. Na walioshuka walikuwa wanawake, watoto na wazee, maana wanaume wa miaka 18 hadi 60 walishazuiwa kutoka nchini.

Mama mmoja akanishika mkono akaniuliza kitu kwa Kiukraine, sikuelewa, nikamjibu kwa Kipolandi changu cha wakati ule naye hakuelewa, basi akafungua zipu ya koti nikaona mtoto mchanga kamfunga kifuani kwa skafu. Alikuwa anataka maji ya moto ya maziwa. Siku ile nzima kazi yangu ikawa hiyo tu, maji ya moto, nakimbia na birika kutoka kwenye kibanda cha chai hadi kwenye majukwaa narudi tena mpaka saa nne usiku. Na kina mama wa Kipolandi walikuwa wanaleta vigari vya watoto wanaviacha stesheni hapohapo, ukishuka na mtoto mikononi unachukua kimoja unaenda, hakuna anayekuuliza jina.

Kengele inalia, narudi.

Kisiki_cha_Mpingo

Dada nakusalimu, na naheshimu moyo wako. Lakini hebu tuseme ukweli, siku hizohizo unazozisimulia vijana wetu waliokuwa wanasoma udaktari Kharkiv na Dnipro walikuwa wanashushwa kwenye treni na mabasi waambiwe ngojeni Waukraine wapite kwanza. Mdogo wa rafiki yangu alitembea kwa miguu usiku kwenye baridi hiyo. Mimi sijasahau na sidhani kama ni vizuri sisi tusahau.

Binti_wa_Tengeru

Mkuu Kisiki usisahau, wala mimi sijasahau. Tarehe 28 Februari, kesho yake baada ya siku niliyokuwa nakimbia na birika, Macky Sall aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika pamoja na Moussa Faki Mahamat aliyekuwa mwenyekiti wa Kamisheni ya umoja huo walitoa tamko kwamba kuwazuia Waafrika kuvuka mpaka kwa sababu ya rangi ni ubaguzi usiokubalika, na walikuwa na haki kusema vile. Pale stesheni niliwaona wanafunzi weusi na Wahindi wamekaa sakafuni pembeni, volontia wanawapita wanakimbilia kina mama wenye watoto, nikaenda kukaa nao. Wawili, Mzambia mmoja na Mkongo mmoja, niliwapa hifadhi hapa chumbani kwangu wiki tatu mpaka walipopata utaratibu wa kwenda kuendelea na masomo nchi nyingine.

Na nikueleze jambo ambalo huwa silisemi sana. Kikao cha kwanza kabisa cha kuanzisha chama, tumekaa jikoni kwa mtu, mimi ndo nilisema sisaini karatasi yoyote kama katiba haitaandika kwamba tunamsaidia YEYOTE aliyekimbia vita hii, awe na pasipoti ya Ukraine au ya Zambia. Kimya kikapita hapo. Akaongea mzee mmoja wa Nowa Huta, alistaafu kiwanda cha chuma, akasema hiyo iwe ibara ya kwanza. Ikawa ya kwanza. Ipo mpaka leo.

Mama_Mikoko

Mi napenda kujua mnafanya nini hasa hizo Jumamosi? Maana kwenye taarifa tunaona malori na mashirika makubwa, kachama ka watu tisa kanaweza nini kwenye vita kama ile, naulizia kwa nia njema wifi yangu

Binti_wa_Tengeru

Mama Mikoko swali zuri. Mwaka wa kwanza kila mtu alikuwa anasaidia, Poland nzima, watu wanatoa vyumba vyao, treni za bure, laini za simu bure, serikali ikawa inampa aliyepokea wageni zloti 40, hela ya huku, kwa mtu kwa siku. Sisi wakati ule tulikuwa tone tu baharini. Tukaanza kuonekana pale wengine walipochoka. Machi 2023 ikaja sheria kwamba mkimbizi anayeishi kwenye makazi ya pamoja akipitisha siku 120 achangie nusu ya gharama na akipitisha 180 achangie robo tatu. Julai 2024 zile zloti 40 zikafutwa. Mwaka 2025 ikaja sheria kwamba hela ya mtoto ya zloti 800 kwa mwezi apewe tu mzazi anayefanya kazi. Ulaya imeongeza ile hifadhi ya muda mpaka Machi 2027, lakini karatasi ya hifadhi haikulipii pango.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa sasa hivi haina picha nzuri ya kupiga. Ni fomu. Naenda na bibi wa miaka sabini na mbili wa Kharkiv kwenye ofisi kwa sababu namba yake ya utambulisho ilisimamishwa alipokwenda kumzika mumewe akachelewa kurudi, na ili irudi inabidi aeleze kwa maandishi kwa Kipolandi alikuwa wapi siku zote zile, na yeye kila akifika kwenye sentensi ya mume analia tunaanza upya. Hiyo ilituchukua Jumanne nne. Nne nzima, mtu mmoja. Nikisikia mtu anauliza mmewafikia wangapi mwaka huu nabanwa na kifua, kwa sababu namkumbuka yule bibi na folda lake la plastiki.

Kingine ni darasa la Jumamosi. Tangu Septemba 2024 watoto wa Kiukraine wanalazimika kusoma shule za Kipolandi, ni sawa tu wasome, lakini mtoto aliyetoka kwao na miaka minne sasa anaongea Kipolandi na mama yake anamjibu Kiukraine, wanaachana taratibu ndani ya nyumba moja. Darasa letu ni la lugha yao, kusoma, kuandika, nyimbo, na chakula cha mchana. Kina mama wanapika borsch, ile supu nyekundu ya bitiruti (beetroot) ambayo UNESCO waliiandikisha Julai 2022 kuwa utamaduni unaohitaji kulindwa haraka. Mi nikapika ugali na mchicha mara moja, watoto wakala wote.

Na mishumaa. Hiyo inataka fungu lake.

Fundi_Umeme_Dom

Mishumaa ya nini mkuu, Ukraine si wana mitambo mikubwa ya nyuklia

Binti_wa_Tengeru

Mitambo wanayo Fundi, ila tangu tarehe 10 Oktoba 2022 Urusi imekuwa ikipiga vituo vya kuzalisha na kupozea umeme makusudi kila baridi inapokaribia, na baridi ya 2025/26 ni ya nne. Fikiria gorofa ya kumi na mbili, lifti haifanyi kazi, pampu ya maji haisukumi, mabomba ya kupasha nyumba joto yamekufa na nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri. Wewe ni fundi unajua, umeme ukikatika kwetu unakosa feni na tivii, kule unakosa uhai.

Mshumaa wenyewe ni jiko la kopo. Unachukua kopo tupu la maharage au nyama, unakata boksi la mawimbi upana wa urefu wa kopo, unalikunja kama mkeka mpaka lijae ndani, katikati unasimamisha kipande kirefu cha boksi kiwe utambi, halafu unamwagia nta iliyoyeyuka ijae. Ukiwasha linakaa masaa kadhaa, unachemshia chai, unapashia mikono. Mtu wa kwetu aliyekulia na koroboi hahitaji kufundishwa mara mbili. Waukraine wenyewe wanayatengeneza kwa wingi, wanapeleka kwa askari walio kwenye mahandaki na wanabaki nayo majumbani pia.

Nta tunaipata wapi sasa. Hapa Poland tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote, nchi nzima inaenda makaburini. Nzima wakuu, barabara zinafungwa, mabasi maalumu yanawekwa, na kila kaburi linawashiwa mishumaa kwenye vyombo vya glasi, usiku ule makaburi yanawaka mpaka mawinguni panakuwa pekundu. Wiki inayofuata ile mishumaa ingetupwa jalalani. Sisi na vikundi vingine vingi tunapita na ndoo, kwa ruhusa ya wasimamizi, tunakusanya mabaki, tunayeyusha, tunachuja uchafu kwa soksi za wanawake za nailoni. Mwaka huu tumejaza makopo mia nne na kidogo. Wenzetu wenye vani ndo wanapeleka mpaka Lviv, mimi mpaka mpakani tu.

Kisiki_cha_Mpingo

Hapo kwa askari kwenye mahandaki. Umesema chama cha amani. Mnaisaidiaje amani kwa kumpashia askari mikono?

Binti_wa_Tengeru

Mkuu hilo swali lilikipasua chama chetu, ndo maana tumebaki tisa. Acha nisimulie bila kuficha.

Mwaka 2024 mama mmoja wa Kherson, mwanachama wetu, alileta hoja tuanze kufuma nyavu. Kwenye fremu ya mbao unatandika wavu kama jarife, halafu unafunga vipande vya vitambaa kwa kuvuka vuka mpaka mtu akitazama toka juu asione kilichopo chini, kijani kiangazi, kahawia majani yakianza kupukutika, nyeupe wakati wa theluji. Mabibi wa Ukraine wanafuma hizo mashuleni na maktaba toka 2014. Zinafunika magari ya wagonjwa, zinafunika hospitali za uwanjani, na ndiyo zinafunika mizinga pia. Wavu hauchagui.

Mzee mmoja, sio yule wa Nowa Huta, mwingine, mtu mpole mno, amekuwa kwenye harakati za amani tangu ujana wake, akasema mkono wake hautashika kitu kitakachoficha bunduki. Na mimi wakuu nikawa upande wake. Nilisema tubaki kwenye mishumaa, fomu na darasa. Tulibishana jioni tatu, watu wakalia, mwishoni tukapiga kura, saba kwa tano, nyavu zikapita. Yule mzee akatupa mkono kila mmoja wetu, akaondoka, na wengine wawili wakamfuata.

Nilikosea ile kura. Naeleza kwa nini. Yule mama ana dada yake Kherson hajahama. Kati ya Kherson na jeshi la Urusi kuna mto Dnipro tu, na kutoka ng'ambo wanarusha droni ndogo zenye kamera, rubani anamuona kabisa anayemlenga, ni mama na baiskeli, ni mzee na mfuko wa mkate, anamuachia bomu. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa Mei 2025 ilitamka kwamba hayo mashambulizi ya droni ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Sasa kinachowaokoa watu ni nini, ni nyavu. Wamesimamisha nguzo pande mbili za barabara wakatandika nyavu juu kama handaki, droni inanasa. Nyingine ni nyavu za uvuvi zilizochakaa, wavuvi wa Brittany kule Ufaransa na wa Denmark wametoa mzigo kwa mzigo. Nyavu za samaki wakuu, kama zile zinazoanikwa Bagamoyo, mtu anapita chini yake kwenda sokoni.

Siku yule mama alipotuonyesha video ya dada yake akitembea chini ya zile nyavu nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wenye hita nikimwambia mtu kwamba amani yangu safi ni bora kuliko usalama wa dada yake.

Tulichokubaliana mwisho: hela ya akaunti ya chama hainunui silaha wala chochote cha kuulia, nyavu zinafumwa siku yake ya Jumatano, asiyetaka haji na hachukiwi. Yule mzee tunamkumbuka sana, Krismasi tunampelekea maandazi, na naye mwaka huu kaleta ndoo tatu za nta mlangoni.

Mtoto_wa_Ruzizi

Bandugu na badada, miye ni mutoto wa Bukavu, niko huku Ubelgiji siku nyingi. Dada nasoma maneno yako yote, ni ya kweli, lakini roho inaniuma. Kwetu vita iko inapiga tangu 1996. Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, mama yangu mukubwa alivuka Ruzizi kuingia Burundi na mufuko moja tu. Hapa mtaani batu balifungulia Baukraine nyumba zabo, na ni vizuri, sikatai. Binamu yangu anangojea karatasi myaka mitatu. Wewe dada ya Afrika, unasema nini juu ya ile?

Binti_wa_Tengeru

Pole sana kaka, na pole kwa mama mkubwa. Sina jibu la kukutosha lakini sitakukwepa.

Ile hifadhi ya muda wanayopata Waukraine inatoka kwenye sheria ya Ulaya ya mwaka 2001. Ilikaa kabatini miaka zaidi ya ishirini, Wasyria wakaja hawakufunguliwa, ikafunguliwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 2022. Siku chache tu baada ya vita kuanza ikawezekana mtu apate kibali cha kuishi, kazi, shule na matibabu bila kukaa miaka kwenye foleni. Kwa hiyo wametuonyesha wenyewe kwamba inawezekana. Hilo ndo najibu kila nikiulizwa: binamu yako alistahili mlango uleule. Ukinipa nafasi mbele ya mkubwa yeyote wa Brussels ntasema hivyo na ntautumia mfano wa Ukraine kama ushahidi. Ila kumnyang'anya bibi wa Kharkiv folda lake hakumpunguzii binamu yako hata siku moja ya kungoja.

Na Februari 2025 Bukavu ilipoingiwa, darasani niliwaonyesha watoto ramani, Kivu iko wapi. Kijana wa miaka kumi na moja wa Mariupol akauliza kama kule nako kuna vyumba vya chini vya kujificha. Nikamwambia nyumba nyingi hazina. Alikaa kimya muda mrefu kisha akauliza, sasa wanaenda wapi. Nikamwambia wanatembea.

Mtoto_wa_Ruzizi

Aksanti dada. Huyo mutoto Mungu amulinde.

Nyayo_za_Eldoret

Niongezee kidogo kutoka Kenya. Martin Kimani, aliyekuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa, alisema vizuri sana pale Baraza la Usalama tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya vita, kwamba sisi Waafrika mipaka yetu ilichorwa na wakoloni huko mbali na jamaa zetu wako pande zote mbili, lakini tuliamua kutoibadilisha ile mipaka kwa kumwaga damu. Nilisikiza hiyo hotuba mara nyingi.

Lakini jambo la kuniuma ni vijana wanaopelekwa upande wa pili. Hapa kwetu mtu anaahidiwa kazi ya udereva ama ulinzi Urusi, tikiti analipiwa, akifika anawekewa karatasi ya Kirusi asaini, kumbe ni mkataba wa jeshi. Novemba 2025 serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wako kwa hiyo vita. Wasichana nao wanaitwa Alabuga, eneo la viwanda huko Tatarstan nchini Urusi, waambiwe ni mafunzo na kazi, wanajipata wanaunda droni. Tafadhali kama uko na mdogo wako anatafuta kazi nje, soma mkataba wote, na kama lugha huijui usisaini.

Binti_wa_Tengeru

Asante sana Nyayo, hiyo ni kazi ya amani kabisa, kumzuia kijana mmoja asipande ile ndege. Na kwetu Tanzania tusijione tuko mbali, Januari 2023 serikali ilithibitisha kijana wetu aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani kule, akaahidiwa msamaha akijiunga na Wagner, lile kundi la mamluki wa Kirusi, alifia Ukraine Oktoba 2022. Alikuwa mwanafunzi. Mama yake alimsindikiza akasome.

Mzee_Kijiweni

Tanzania si hatukufungamana na upande wowote? Sasa wewe unatuingiza

Binti_wa_Tengeru

Mzee wangu shikamoo. Kura ya tarehe 2 Machi 2022 kule Umoja wa Mataifa nchi 141 ziliitaka Urusi itoke, Kenya, Rwanda na Kongo zikiwemo, 5 zilikataa, 35 zilijizuia, na sisi, Uganda na Burundi tulikuwa kwenye hizo 35. Serikali ina sababu zake. Lakini kuna jambo ambalo Tanganyika ilishafanya kabla hata hatujawa na serikali yetu, na hilo ndo ombi langu, sasa nafika.

Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwatoa watu kwa nguvu kutoka mashariki ya Poland ya wakati ule, wakawapakia kwenye mabehewa ya ng'ombe mpaka Siberia na Kazakhstan. Wengi walitoka Lwów, Tarnopol, Stanisławów, Wołyń. Angalieni ramani ya leo, Lwów ni Lviv, Tarnopol ni Ternopil, Stanisławów ni Ivano-Frankivsk, yote iko ndani ya Ukraine. Walipoachiwa walipita Uajemi, na kuanzia 1942 maelfu yao, wanawake na watoto wengi, wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Wakapelekwa Tengeru, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro, na Uganda wakawekwa Masindi na Koja. Tengeru peke yake walikuwa kama elfu tano, kwenye vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa na kuezekwa majani, wakawa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Wengi walikuwa Wapolandi Wakatoliki, lakini kulikuwa pia na Waorthodoksi na Wayahudi, na makaburi yao yapo mpaka leo, karibu mia moja na hamsini, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Mimi nimekua napita nje ya ukuta ule kwenda shule. Tulikuwa tunaita makaburi ya Wapolandi na hatukujua zaidi.

Nilipomwambia bibi mmoja wa Ternopil kwamba kwetu kuna makaburi ya watu wa kwao waliokimbia mwaka 1942, alidhani Kipolandi changu kimeharibika. Nikamchorea. Akauliza kitu kimoja tu: waliwapokea vizuri?

Sikuwa na jibu. Najua Waingereza ndo walipanga zile kambi na wenyeji hawakuulizwa. Lakini babu na bibi zetu waliishi nao jirani miaka, waliuziana ndizi, walifanya kazi pamoja, wengine walijifunza maneno ya lugha zao. Sasa ombi langu ndo hili: kama una mzee nyumbani anayekumbuka, au aliyesimuliwa na mzazi wake, kuhusu wale wageni, niandikie. Zuri au baya, vyovyote ilivyokuwa. Nataka kuwasomea watoto wa Jumamosi na kumjibu yule bibi, na sitaki kumjibu uongo.

Mbena_Mtulivu

Dada mi natokea Wanging'ombe, Kidugala ni kwetu. Bibi yangu mzaa mama yupo, anakaribia miaka tisini, alikuwa mtoto wakati huo. Nimempigia leo mchana kabla sijaandika. Anasema aliwakuta hapo misheni, mama yake alikuwa anapeleka mayai na mboga, na kulikuwa na mtoto wa kike wa Kizungu mwenye nywele nyeupe kabisa ambaye walikuwa wanacheza naye mdako. Mara ya kwanza walimkimbia wakidhani ni mgonjwa. Anasema mama wa yule mtoto hakuwa anacheka, alikuwa anakaa mlangoni anashona. Na siku wanaondoka yule mtoto alimpa kitambaa chenye maua mekundu ya kushonwa. Kitambaa kilipotea nyumba ilipoungua.

Anauliza yule mtoto alifika kwao?

Binti_wa_Tengeru

Mbena nimesoma hii nikiwa kwenye korido ya kazini, imebidi nikae.

Mwambie bibi shikamoo nyingi. Mwambie wengi hawakurudi kwao, maana kwao kulishakuwa ndani ya mpaka wa Soviet, wakaenda Uingereza, Australia, Kanada, wachache Poland. Yule mtoto sijui, ila kitambaa chenye maua mekundu ya kushonwa ni kazi ya kule kabisa, kina mama wa darasa letu wanashona vilevile.

Kisiki_cha_Mpingo

Mimi naishi Usa River. Jumapili baada ya ibada nimeenda kwenye yale makaburi, mlinzi kanifungulia. Pasafi sana. Kuna vyombo vya mishumaa juu ya makaburi, vya glasi, kama ulivyoeleza, nadhani viliwashwa tarehe moja. Nimepiga picha ya kila jiwe ambalo jina linasomeka, ni picha nyingi, ntakutumia kwenye inbox kidogo kidogo bando likiruhusu. Mengine ni ya watoto wadogo dada. Mwaka mmoja, miwili.

Binti_wa_Tengeru

Kisiki Mungu akubariki, nilikuwa sijategemea. Tuma tu kidogo kidogo hata kama itachukua mwezi. Bibi wa Ternopil anasoma maandishi ya zamani vizuri kuliko sisi wote, atakaa na yule mzee wa Nowa Huta wayapitie jina kwa jina.

Mbena, na bibi akikubali, Jumamosi hii saa kumi jioni ya huku, huko itakuwa saa kumi na mbili, nipigie kwa video. Watoto watakuwa wamemaliza kula. Yeye aongee Kibena, wewe nipe Kiswahili, mimi ntatoa Kipolandi, na mama wa Kherson atawageuzia Kiukraine wale wadogo. Itakuwa taratibu ila tuna muda mpaka saa kumi na mbili ya huku, ndo parokia wanafunga ukumbi. Wameshaniuliza mdako unachezwaje, kwa hiyo bibi awe na vijiwe karibu.